Mji Nilioutoa

Kitendawili.

Ukiitika nitaendelea, usipoitika nitaendelea vilevile, kwa sababu nimebakiwa na hiki kimoja tu na sina tena wa kumtegea.

Asubuhi Katumba iliponyamaza, mimi ndiye niliyejua kwanza, maana mashine zilikuwa zinasema kinyume. Nilifika kituoni saa mbili, nikakung'uta mwavuli, nikaacha ndala zangu zenye tope mlangoni, nikavaa vile vikombe vya kusikilizia masikioni. Nilikuwa na desturi ya kuizungukia miji yote minane kwa salamu kabla ya kunywa chai. Kiwira waliitikia. Lwangwa waliitikia, tena kwa kelele, kama watu waliolala vizuri. Nikaenda Katumba, nikabisha. Kimya. Nikabisha tena, nikataja neno la maji, maana sijaona mkazi wa miji hiyo akasikia neno la maji asigeuke. Kimya kilekile, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama na vyungu vyao.

Usichanganyikiwe, hii si ile Katumba ya barabarani. Miji ninayosema ilikuwa ndani ya mashine, pale kwenye kituo chetu cha utafiti juu ya mashamba ya chai, na wahandisi walikuwa wameipa namba tu. Mimi namba hazinikai kichwani. Nikaipa majina ya kwetu Rungwe.

Nyuma yangu mhandisi Zubeda Mkilindi, binti wa Handeni aliyekuwa mkuu wa kituo, alikuwa anacheka peke yake mbele ya kioo chake. Akaniita nikaone. Grafu ilikuwa imepanda kama mtu anayekimbilia mlimani. Jana yake asilimia arobaini na moja ya wakazi wa miji yote minane walikuwa wanaelewana kwa lugha moja, na asubuhi ile ilikuwa hamsini na nne.

Nikamuuliza Katumba wamekwenda wapi.

Akasema wameungana na mji wa Masoko, na si ndicho tulichokuwa tunakitafuta miaka miwili? Nikamwambia sijawahi kusikia mtu ameungana na mwenzake akapoteza hata sauti ya kuitikia salamu. Akanitazama vile anavyonitazama ninapouliza kwa nini mashine inawekewa kiyoyozi na Tukuyu yote ni baridi.

"Bibi Tusekile," akasema, "leo niache nifurahi kidogo."

Nikamwacha.

*

Wahandisi waliwaita mawakala. Mimi niliwaita wadogo, na jina langu ndilo lililoshika, mpaka kwenye ripoti. Hawakuwa na mikono wala uso. Zilikuwa hesabu zilizofundishwa kutaka kuishi. Kila mji ulikuwa na wadogo mia mbili, na kila mdogo alianza bila neno hata moja. Katika ulimwengu wao mlikuwa na vitu vitano tu: jiwe, maji, mwanga, shimo na ukuta. Mashine inawakutanisha wawili. Mmoja anaonyeshwa kitu, mwenzake haonyeshwi. Aliyeona anatoa sauti, mwenzake anakisia ni kitu gani. Akipatia, wote wawili wanapewa nguvu ya kuishi siku nyingine. Akikosea, wote wawili wanalala njaa. Anayelala njaa siku tisa mfululizo anafutika.

Miezi ya kwanza ilikuwa vurugu, kama darasa la chekechea mwalimu akitoka. Halafu unafika asubuhi moja unakuta mji mzima umekubaliana kwamba sauti fulani ni maji, na hakuna aliyewaamuru. Hapo ndipo Zubeda alipokuwa anapachungulia. Alitaka kujua neno la watu wawili linakuwaje neno la watu wote.

Na sababu yake niliijua. Jumamosi moja alikuja na binti yake, Mwanakheri, wa miaka mitano. Mtoto alikuwa na kinong'onezi nyuma ya sikio kama watoto wote wa siku hizi, tangu siku ya kuzaliwa. Wewe unasema unavyosema, kifaa kinamnong'oneza mwenzako kwa maneno yake mwenyewe. Sisi wazee tulikiona msaada. Lakini mtoto aliyelelewa nacho hana haja ya kushika maneno ya mama yake, anajitengenezea ya kwake, na kifaa kinayaelewa. Basi siku ile chaji ya Mwanakheri ikaisha. Akawa anaongea, sauti nzuri kabisa, na hakuna mtu duniani aliyejua anasema nini. Zubeda akamwambia njoo. Mtoto akamtazama mdomo. Zubeda akafungua mikono miwili amkumbatie, na mtoto, nadhani, akaona anaonyeshwa ukubwa wa kitu fulani, naye akafungua yake zaidi.

Tulikaa hivyo watatu, dakika arobaini, mpaka kifaa kikajaa.

Ndiyo maana hakulala kwa ajili ya wale wadogo. Alikuwa na tumaini kwamba wakionyesha lugha moja inavyoota kwa watu wasio nayo, wizara itakubali kuwavua watoto vile vifaa na kuwaoteshea lugha upya. Walikuwa wamempa mpaka mwisho wa masika.

Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya masikio. Nimeishia darasa la saba, lakini nimelea katika nyumba yenye Kinyakyusa, Kindali, Kiswahili, na mkwe aliyekuwa anagombana kwa Kikinga. Nikikaa na watu, lugha yao inaniingia. Baada ya mwaka nilikuwa nasema lugha zote nane za wadogo, mimi na hakuna mwingine, na Zubeda akawa ananitania kwamba kituo cha mabilioni kinategemea bibi anayelinda kuku mchana.

Tatizo likawa hilo hilo la nane. Kila mji ulielewana wenyewe kwa wenyewe na kuwasikia jirani kama kelele. Wahandisi wakajaribu hiki na kile. Mwisho nikasema niwape vitendawili. Kitendawili kinawafanya watu wawili walitazame jambo moja, huyu kwa mbele, huyu kwa nyuma, wakutane katikati. Zubeda akasema haya, jaribu.

Cha kwanza nilichowategea kilikuwa hiki: nina ukuta, ukiusukuma unakukaribisha ndani. Mji wa Masoko ulihangaika siku mbili nzima. Aliyepata alikuwa mdogo mmoja niliyemwita Mbishi, kwa sababu hakukubali hata salamu bila kuuliza kwa nini. Akasema, maji. Nakwambia, kelele iliyozuka mle ndani ilinifanya nivue vikombe masikioni. Kitu kimoja kuitwa kwa jina la kingine na wote mkaelewa! Hawakuwahi kuliona jambo hilo. Ndani ya mwezi mmoja miji yote ilikuwa inategeana, na kila anayetaka kutega alilazimika kwanza kujifunza maneno ya jirani.

Nami nikawapa mchezo wote kama nilivyoupokea. Unajua mchezo wetu ulivyo. Ukishindwa unaombwa mji. Unampa mwenzako Mbeya, unampa Dar es Salaam, anajisifu kidogo alivyofika na kulishwa wali kwa kuku, kisha anakupa jibu. Mji haujaenda popote. Mimi utotoni nimewahi kumiliki Ulaya yote kabla ya chakula cha jioni. Sikuona cha kueleza hapo. Nani anayemfundisha mtu kupika akamkumbusha asile na sufuria?

*

Basi siku ile Katumba iliponyamaza, nilimwita Mbishi. Nitaandika maneno yetu kwa Kiswahili, ingawa yao yalikuwa mafupi zaidi, kama matone ya maji kwenye ndoo.

"Katumba wako wapi?"

"Nilitega. Hawakujua. Nikaomba mji, wakanipa."

"Sawa, walikupa. Wao wenyewe wako wapi?"

"Wametoa. Aliyetoa hana."

"Hana nini?"

"Hana mji. Hana jiwe lake, hana neno la jiwe. Vyote ni vyangu. Akisema, anaiba."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtoto mwema anayemweleza mgeni desturi za nyumbani kwao. Nikahesabu kwa vidole. Asiyesema hakisiwi, asiyekisiwa halishwi. Katumba walikuwa siku ya kwanza.

Niliwaita mmoja mmoja. Nikawaambia kwa lugha yao wenyewe wanijibu, hakuna kosa. Walinisikia, nina hakika, maana taa ya kila mmoja pale kiooni iliwaka zaidi nilipomtaja. Hakuna aliyefungua mdomo. Siku ya tisa asubuhi nilikuta taa mia mbili zimezimika na grafu imepanda tena.

Sasa elewa kilichotokea. Wale wadogo hawakuwa na uongo. Si kwamba walikuwa wema kuliko mimi na wewe. Kwao, tangu mwanzo, neno lisilo kweli liliwalaza njaa wote wawili, msemaji na msikilizaji, kwa hiyo halikupata hata siku moja ya kuishi. Kitendawili walikikubali kwa sababu mwisho wake kuna jibu la kweli. Lakini kutoa mji kwa mdomo, halafu ukabaki nao? Hilo hawakuwa na pa kuliweka. Walisema wametoa, wakawa wametoa.

*

Nilimweleza Zubeda tukiwa tumesimama barazani, mvua inapiga bati. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea aseme ni hesabu tu, kama alivyokuwa akisema zamani. Hakusema.

Alichosema ni kwamba kuondoa mchezo hakuwezekani tena, umeshaingia ndani ya kila neno lao, kama chumvi kwenye mchuzi. Njia aliyokuwa nayo ni kufuta miji yote na kuanza na wadogo wapya wasiojua kitu. Akiacha mambo yaende, miji italiwa mmoja mmoja mpaka ibaki Masoko peke yake, lakini lugha moja itakuwa imepatikana, kabla masika haijaisha.

"Nikifuta, nawaua wote," akasema. "Nikiacha, nawaua karibu wote, na Mwanakheri anapata pa kuanzia. Nichague lipi, Bibi? Niambie wewe uliyelea."

Nikamwambia kuna la tatu. Niingie mchezoni mwenyewe, nishindwe, nitoe mji, halafu kesho yake niseme. Waone kwamba aliyetoa anaendelea kuongea na hakuna kilichoanguka.

Alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko mimi.

"Unataka kuwafundisha uongo."

"Nataka kuwafundisha mchezo, mwanangu."

"Na wao watajuaje tofauti?"

Sisi tofauti hiyo tunaijuaje? Kwa jicho la mtu, kwa kicheko kinachojificha shavuni, kwa kujua kwamba bibi aliyekuomba mji ndiye huyohuyo atakayekupakulia ugali. Wadogo hawakuwa na mashavu. Hawakuwa na ugali.

Tulibishana juma zima, na wakati tunabishana Lwangwa wakatoa, kisha Kiwira. Siku niliyosikia Kiwira haiitikii, sikumuuliza tena Zubeda. Niliketi, nikavaa vikombe, nikamwambia Mbishi anitegee.

*

Alifurahi. Hakuna aliyewahi kuthubutu kunitega mimi.

"Kinakula mwanga, hakishibi."

Shimo. Mtoto wa siku mbili angejua. Nikasema sijui.

"Nipe mji."

"Nakupa Tukuyu."

Akauliza Tukuyu kuna nini. Nikamweleza, maana mji hautolewi mtupu. Nikamwambia kuna maji yanayoanguka kutoka juu karibu kila siku. Kuna migomba, ambayo nilishindwa kuieleza nikasema ni kuta laini. Kuna nyumba yangu ya bati la kijani. Kuna kaburi la mume wangu Anyosisye chini ya mparachichi, nikasema ni shimo ambalo ndani yake kuna mtu ninayemsalimia. Mbishi akarudia jina lile polepole, na Masoko wote wakalirudia. Sijawahi kusikia mji wangu ukitamkwa kwa heshima namna ile.

Nikavua vikombe, nikavaa ndala zangu, nikarudi mji uleule niliokuwa nimeutoa. Nikapika viazi. Nikalala.

Asubuhi nikaketi mezani na kusema, "Hamjambo, Masoko."

Zubeda akasogeza kiti chake karibu yangu.

"Ulitoa Tukuyu," akasema Mbishi.

"Nilitoa."

"Unasema."

"Nasema. Ni mchezo, Mbishi. Mji unatolewa kwa mdomo tu. Hakuna anayeondoka, hakuna anayenyamaza. Mnacheka, mnaendelea."

"Kwa mdomo tu."

"Ndiyo."

"Na Katumba?"

Mikono yangu ilikuwa juu ya meza, nikaitazama.

"Katumba hawakujua kwamba ni kwa mdomo tu?" akauliza.

"Hawakujua."

"Nani alijua?"

"Mimi," nikasema.



*

Siku ya kwanza haikuonyesha kitu. Ya pili, grafu ikasimama. Ya tatu ikaanza kushuka, na haikushuka kama mtu anayeteremka, ilishuka kama ndoo iliyokatika kamba.

Nilikuwa nawasikiliza. Wawili wanakutanishwa, mmoja anaona maji, anatoa neno la maji. Mwenzake zamani angejibu papo hapo. Sasa anangoja. Anajiuliza: hili ni maji, au ni la mdomo tu? Muda unapita, mashine inahesabu wamekosa, wote wanalala njaa. Na aliyelala njaa baada ya kusema kweli, kesho haoni sababu ya kusema. Mbishi hakuwa ametangaza chochote kibaya. Aliwaambia tu nilichomwambia mimi, neno kwa neno, na mji ukaupelekea mji mwingine, kwa lugha ileile moja tuliyokuwa tunaitafuta. Ndiyo habari ya kwanza na ya mwisho iliyowahi kufika miji yote mitano iliyobaki.

Waliokuwa wametoa hawakurudi. Lwangwa walikuwa na siku mbili za kuishi bado, nikawaita mpaka sauti ikanikauka. Wao walikuwa wameshika neno lao.

Walipofutika Lwangwa na Kiwira, Zubeda aliiondoa ile sheria ya siku tisa bila ruhusa, ili pasifutike mtu tena. Kwa hiyo waliobaki hawakufa. Elfu moja kasoro wachache walibaki wazima, taa zinawaka, na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Zubeda hakunigombeza. Nilikuwa naomba anigombeze. Alikuwa anakaa pembeni yangu na vikombe vingine masikioni, na siku moja akasema, akitazama zile taa, kwamba hivi ndivyo ilivyo kwake nyumbani wakati wa chakula cha jioni.

Wizara ilipiga simu Jumatano. Ijumaa saa nne asubuhi mashine izimwe, chumba kinahitajika.

Ijumaa niliwahi. Mvua ilikuwa imekatika na ukungu umekaa kwenye chai. Nikasalimia miji yote mitano kwa mpango wangu wa zamani, na hakuna ulioitikia, mpaka nilipofika Masoko.

"Kitendawili," akasema Mbishi.

Nikaitika, tega.

"Tulikuwa wote ndani yake na hakikuwa na ukuta. Kimeanguka, hakuna aliyesikia."

Jibu nililijua kabla hajamaliza. Ilikuwa lugha yao. Alikuwa amekitengeneza mwenyewe, mle gizani, bila mtu wa kumsaidia, na kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyowafundisha. Ulimi ukanisogea. Halafu nikakumbuka mchezo. Nikilitaja jibu na likawa sahihi, nimemshinda aliyetega, na yeye hakubakiwa na kitu ila sauti ile moja.

"Sijui," nikasema.

Hakuomba mji. Nikangoja aombe, hakuomba.

"Nipe adhabu yangu," nikamwambia. "Nakupa Tukuyu."

"Tukuyu ulikwisha kunipa."

"Nilikupa kwa mdomo."

"Na sasa?"

Zubeda alikuwa amesimama mlangoni na saa yake mkononi. Nikamwona anageuza uso.

"Sasa nimetoa," nikasema.

Mbishi akangoja. Nadhani alikuwa anasikiliza kama nitasema tena. Sikusema. Nilikaa na mdomo wangu umefungwa kwa dakika zote zilizobaki, yeye upande wake na mimi upande wangu, mpaka Zubeda akaja akaweka mkono begani mwangu na ule mwingine kwenye swichi.

*

Sasa naishi Makambako, chumba kimoja, nyuma ya duka la mbolea, maana aliyetoa hana. Binti yangu anadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Ile nyumba ya bati la kijani sijaifunga wala kuiuza, nilitoka na begi nikaacha mlango umerudishwa tu. Zubeda aliwahi kuja kunitazama akiwa njiani kwenda Dar. Akaniambia Mwanakheri amejifunza neno moja la mama yake, kwa bahati tu, neno la chumvi. Tukalifurahia. Kisha akapanda basi lake.

Jibu la kile kitendawili sijawahi kulisema mbele ya mtu. Nimekuandikia wewe, kuandika si kusema.

Mwezi uliopita dada yangu Tumpale alifariki, ndugu wa mwisho niliyebaki naye. Walinipigia simu, maziko ni Jumanne, Tukuyu, palepale jirani na mparachichi. Wakaniuliza nitafika saa ngapi, wanisubiri.

Nilinunua sukari kilo tano na kitenge, nikavifunga vizuri, nikavipeleka stendi, nikampa kondakta wa basi la Kyela, linalopitia Tukuyu. Akaniuliza kama mwenye mzigo hapandi.

Nikatikisa kichwa.